Uvimbe Wenye Meno

Katika kijiji cha Engaresero, kusini mwa Ziwa Natron wilayani Ngorongoro, kuna uwanja wa majivu ya volkano yaliyoganda yakawa jiwe, na juu yake zimebaki nyayo za binadamu zaidi ya 400. Majivu yalitoka upande wa Oldoinyo Lengai, yakashuka na maji yakiwa tope, watu wakayakanyaga yangali mabichi, kisha yakakauka na kufunikwa. Wanajiolojia wanakadiria kwamba hayo yalitokea wakati fulani kati ya miaka 19,100 na miaka 5,760 iliyopita. Mwaka 2020 timu iliyoongozwa na Kevin Hatala ilichapisha uchambuzi wa nyayo za watu 17 waliokuwa wakitembea pamoja kuelekea kusini-magharibi. Kwa kupima ukubwa wa nyayo na urefu wa hatua, watafiti walihitimisha kwamba 14 kati yao walikuwa wanawake watu wazima. Wakawakumbuka Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, upande wa Karatu, ambako wanawake bado hutoka kwa makundi kwenda kuchimba mizizi na kuchuma matunda, na pengine mwanamume mmoja au wawili huandamana nao.

Unyayo unaweza kueleza kimo cha mtu na haraka aliyokuwa nayo. Hauelezi aliumwa nini. Magonjwa ya tumbo la mwanamke ndiyo hupotea kabisa kuliko mengine, kwa sababu nyama laini huoza mapema, na mwanaakiolojia akifika baada ya miaka elfu moja hukuta mifupa ya nyonga tu. Lakini upo uvimbe wa kifuko cha mayai unaoweza kuvuka maelfu ya miaka, maana ndani yake huota meno.

Ushahidi wake uko huko huko barani, Misri. Katikati ya karne ya 14 kabla ya Kristo, Farao Akhenaten alijenga mji wake mpya mahali panapoitwa leo Amarna. Katika makaburi ya jangwani kaskazini mwa mji huo alizikwa msichana wa umri wa kati ya miaka 18 na 21, akiwa na pete yenye sura ya Bes, mungu ambaye Wamisri walimtegemea kulinda wanawake wakati wa uzazi. Wachimbaji walipofika kwenye nyonga yake walikuta donge gumu, na ndani ya donge hilo meno mawili ambayo hayakuwa ya kinywani mwake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 ulilitaja kuwa ni teratoma ya kifuko cha mayai, ya kale kuliko zote zilizokuwa zimetambuliwa kwenye mabaki ya kale, na ya kwanza kutambuliwa Afrika. Mtu aliyemvika binti yule pete ya Bes huenda alikuwa anamwombea uzazi, au anamwombea maumivu yaishe.

Uvimbe wa namna hii haukuisha na Wamisri. Teratoma iliyokomaa ni miongoni mwa uvimbe unaoonekana mara nyingi kabisa kwenye vifuko vya mayai vya wasichana na wanawake walio katika umri wa kuzaa, na hospitali yoyote yenye chumba cha upasuaji, iwe Wasso, Endulen, Karatu au Arusha, itakutana nao. Ndani ya uvimbe huo daktari hukuta nywele, mafuta ya ngozi, gegedu, vipande vya mfupa, meno, wakati mwingine tishu ya ubongo au ya tezi ya shingo. Vyote ni vitu halali vya mwili wa binadamu, vimeota mahali pasipo pake na bila mpangilio.

Ajabu hiyo iliwatesa watu kwa muda mrefu. Ulaya ya zamani ilizisingizia nywele zile uchawi, ndoto mbaya na zinaa. Mwaka 1831 daktari wa mifugo wa Kifaransa, Leblanc, aliutoa uvimbe wenye sura ya ngozi chini ya fuvu la farasi na kuupa jina la dermoidi, jina ambalo madaktari wa upasuaji wanalitumia mpaka leo kwa uvimbe wa wanawake. Mwaka 1863 Rudolf Virchow wa Berlin, aliyefundisha ulimwengu kwamba ugonjwa hutafutwa ndani ya seli, akaandika neno teratoma. Mwenzake wa Vienna, Carl von Rokitansky, ameacha jina lake kwenye kinundu kidogo kilicho ukutani mwa uvimbe huo, pale ambapo nywele na meno huanzia. Kila mwanapatholojia anayefungua dermoidi leo hukitafuta kinundu hicho kwanza.

Asili yake ilieleweka baadaye sana. Mwaka 1975 Linder na wenzake nchini Marekani walilinganisha vinasaba vya uvimbe huu na vya wanawake waliotolewa uvimbe huo. Kromosomu zilikuwa za kike, 46, lakini mahali ambapo mwanamke alikuwa na nakala mbili tofauti, uvimbe mara nyingi ulikuwa na mbili zinazofanana. Maana yake ni kwamba yai lake mwenyewe lilianza kujigawa ndani ya kifuko, baada ya kupita hatua ya kwanza ya kupunguza kromosomu zake, pasipo mbegu ya mwanamume.

Kwa lugha nyepesi, uvimbe huu hauna baba. Jambo hili linastahili kusemwa kwa sauti katika kila kijiji na kila kliniki, kwa sababu msichana ambaye tumbo lake linapanda bila maelezo huulizwa mimba ni ya nani kabla ya kuulizwa anaumwa wapi. Zikitolewa nywele na meno, minong'ono huongezeka: kumbe alikuwa na mtoto, mtoto kaozea tumboni, au karogwa. Hakuwa na mtoto. Yai lilijianzia lenyewe, huenda yeye akiwa bado mdogo, na halikuwa na njia yoyote ya kuwa mtu.

Wilayani Ngorongoro kuna sababu nyingine ya kutokubali kubahatisha kilichomo tumboni. Wafugaji wa Kimaasai wanaishi na ng'ombe, mbuzi, kondoo na mbwa katika boma moja. Ndani ya utumbo wa mbwa huweza kuishi tegu mdogo wa milimita chache tu, aitwaye ekinokokasi. Mbwa humpata kwa kula maini au mapafu ya mnyama aliyeambukizwa, kisha mayai ya tegu hutoka na kinyesi chake, yakaingia kwenye maji, majani, manyoya na mikono ya watoto. Yakimwingia binadamu hujenga kifuko cha maji kwenye ini au mapafu, na mara chache hata kwenye nyonga karibu kabisa na kifuko cha mayai. Hukua taratibu kwa miaka. Kwa mkono wa daktari anayepapasa tumbo, kifuko hicho na dermoidi vinaweza kuwa kitu kimoja: duara, laini, kisicho na haraka.

Turkana, kaskazini mwa Kenya, ugonjwa huo ulikuwa na viwango vilivyo miongoni mwa vya juu kabisa kuwahi kupimwa duniani, na tangu mwaka 1983 shirika la AMREF lilikuwa na mpango maalum huko, likipima watu kwa ultrasaundi ya kubebeka na kuwapa mbwa dawa. Upande wa Tanzania kulikuwa na Herbert Watschinger, padri na daktari kutoka Austria aliyeianzisha hospitali ya Wasso, Loliondo, katika miaka ya 1960. Yeye na wataalamu waliokuwa wakifanya kazi Turkana, wakiwemo Calum Macpherson na Eberhard Zeyhle, walichapisha mwaka 1989 utafiti juu ya ugonjwa huo kwa Wamaasai wa kaskazini mwa Tanzania. Ni moja ya maandishi machache ya kitaalamu ya wakati ule yanayoeleza kwa undani kilichokuwa ndani ya matumbo ya watu wa wilaya hii. Inafaa kukumbuka kwamba kazi hiyo ilianzia hospitali ya misheni, kwa daktari ambaye angeweza kuishia kukata na kushona tu.

Tofauti ya magonjwa haya mawili si ya vitabuni. Kifuko cha tegu kikitobolewa ovyo, maji yake yakimwagika tumboni, mgonjwa anaweza kupata mshtuko wa mzio na kufa mezani, au vijikifuko vipya vikaota kila mahali yalipofika maji hayo. Dermoidi ikipasuka, mafuta yake huchoma utando wa tumbo. Ikijisokota, hukata damu ya kifuko cha mayai na kumwangusha mwanamke kwa maumivu ya ghafla. Mpasuaji anatakiwa kujua mapema anachokaribia, na baada ya kukitoa anatakiwa kuthibitishiwa alichokitoa. Uthibitisho huo unatoka kwa mtu mwingine, aliyekaa mbele ya hadubini, pengine mamia ya kilomita mbali.

Afrika Mashariki ilichukua miongo mingi kumpata mtu huyo, na historia yake haikuanza vizuri. Katika miaka ya 1930 mwanapatholojia wa maabara ya serikali mjini Nairobi alikuwa F. W. Vint. Mwaka 1934 alichapisha makala juu ya ubongo wa Mwafrika wa Kenya, akidai kuona ndani yake udhaifu ambao walowezi walitaka sana uonekane. Mwaka uliofuata mtu huyo huyo alichapisha orodha ya saratani za Waafrika wa Kenya, kazi ambayo ilikuwa na manufaa ya kweli, kwa kuwa wakati huo madaktari wengi wa Kizungu waliamini Mwafrika haugui saratani. Kioo kimoja kilitumika kwa dhuluma na kwa elimu, na mkono ulikuwa mmoja. Historia ya patholojia katika ukanda huu haiwezi kuandikwa kwa kuuruka ukurasa huo.

Kampala palikuwa na mwanzo tofauti. Albert Cook alifika mwaka 1897, akafungua hospitali ya Mengo, na tangu mwanzo aliandika habari za kila mgonjwa: jina, dalili, alichokiona, alichokikata. Makaratasi hayo yalikaa. Mapema katika miaka ya 1950 Jack Davies, profesa wa patholojia wa Makerere, alianzisha daftari la saratani la Kampala, miongoni mwa ya kwanza barani, ili kila uvimbe uliothibitishwa kwa hadubini uhesabiwe. Baadaye alirudi kwenye makabrasha ya Cook. Mwaka 1964 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha uchambuzi wa saratani za Mengo tangu 1897 hadi 1956, na kati ya majina ya waandishi, pamoja na Davies mwenyewe, yalikuwemo ya Owor na Mtimavalye. Raphael Owor alikuja kuwa profesa wa patholojia wa Makerere. Jina la Mtimavalye lilionekana tena mwaka 1980, safari hii kwenye utafiti wa vifo vya wanawake wajawazito wa Dar es Salaam wa miaka 1974 hadi 1977. Kutoka makabrasha ya kale ya Mengo mpaka wodi za wazazi za Dar es Salaam, swali lilikuwa lile lile: mwanamke huyu amekufa na nini hasa?

Nguvu ya hadubini ilionekana wazi kabisa Kampala hiyo hiyo, na kifuko cha mayai kilikuwemo. Mwaka 1957 Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago aliyekuwa amepoteza jicho moja tangu utotoni, aliitwa kumwangalia mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, akaona mtoto mwingine mwenye taya za namna ile, na tumbo lake pia lilikuwa na uvimbe. Burkitt akaanza kufukua majalada. Kumbe watoto wengi wenye uvimbe wa taya walikuwa na uvimbe kwenye figo, ini, na kwa wasichana kwenye vifuko vya mayai, mara nyingi vyote viwili. Kwa macho ya kawaida hayo yalikuwa magonjwa manne au matano, kila moja likiandikwa jina lake. Davies na Mmarekani Greg O'Conor walipoweka vipande chini ya hadubini waliona seli za aina moja kila mahali. Ulikuwa ugonjwa mmoja, saratani ya mfumo wa limfu, ambayo sasa inaitwa kwa jina la Burkitt. Msichana ambaye jana angeandikiwa saratani ya kifuko cha mayai leo alikuwa na ugonjwa mwingine, wenye tiba nyingine. Na baadaye ilionekana kwamba watoto wengi waliweza kuponyeshwa kwa dawa bila kukatwa kitu.

Oktoba 1961 Burkitt, pamoja na Ted Williams wa hospitali ya Kuluva na Cliff Nelson, walipakia vifaa kwenye gari kuukuu la Ford wakaenda kuuliza hospitali kwa hospitali ugonjwa huo unaishia wapi. Safari ilichukua wiki 10 na takriban maili 10,000, na ilipita Tanganyika katika majuma ya mwisho kabla ya uhuru wa tarehe 9 Desemba. Waligundua kwamba ugonjwa huo huogopa baridi na miinuko, kama ilivyo malaria. Miaka miwili baadaye, Desemba 1963, kipande cha uvimbe kiliwekwa kwenye ndege kutoka Uganda kwenda kwa Anthony Epstein mjini London. Ukungu ukaizuia ndege, ikatua Manchester. Chupa ilipofika maabara jioni, maji yake yalikuwa yamechafuka, na kwa kawaida yangemwagwa kwa kudhaniwa yana bakteria. Epstein aliyatazama kwanza. Yalikuwa yamejaa seli hai za uvimbe zilizokuwa zimebanduka njiani, na kutokana na seli hizo yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza mwaka 1964 virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Chupa iliyochelewa na kuchafuka, na mtu aliyekataa kuimwaga kabla ya kuiangalia: patholojia nzima imo humo.

Kazi ya kila siku, hata hivyo, haikuwa ya virusi. Ilikuwa ya vichupa. Michael Hutt alipochukua uprofesa wa patholojia Makerere mwaka 1962, aliimarisha huduma ambayo hospitali za mbali zilituma vipande vya nyama kwa posta, navyo vikasomwa Kampala na majibu yakarudishwa. Daktari aliye peke yake porini, aliyezoea kutupa alichokikata, sasa alikuwa na mtu wa kumuuliza. Hutt aliporudi London mwaka 1970, katika hospitali ya St Thomas', aliendelea kusoma vipande vilivyotumwa kutoka hospitali za nchi za joto. Upande wa Tanzania, Slavin na Cameron walikusanya vipande kutoka pande zote za nchi katika maabara kuu ya Dar es Salaam, na mwaka 1969 wakachapisha habari za wagonjwa 117 wa saratani ya Kaposi kutoka bara. Ramani za magonjwa za nchi hii zimechorwa na watu wengi wasiojulikana, waliofunga vizuri vifuniko vya chupa.

Machi 1971 kukafunguliwa KCMC mjini Moshi, hospitali ya rufaa ya kanda ya kaskazini, na kwa mara ya kwanza mgonjwa wa Ngorongoro akawa na hospitali ya rufaa upande wake wa nchi. Njia ni ndefu vilevile. Kutoka Engaresero mtu anaifuata barabara ya vumbi chini ya ukuta wa Bonde la Ufa mpaka Mto wa Mbu, kisha lami mpaka Arusha, na Moshi iko mbele zaidi. Upande wa pili, kwenda Wasso, barabara inapanda ukuta huo. Ndege ndogo za kliniki zimesaidia: AMREF ilianza na madaktari wa angani mwaka 1957, na kutoka Arusha shirika la Flying Medical Service limekuwa likiruka kwenda vijiji vya Wamaasai kupima wajawazito na kuwachanja watoto. Lakini ndege hiyo ikishabeba wagonjwa, chanjo na mafuta, chupa ya kinyama si kitu cha kwanza kukumbukwa.

Halafu ukaja mwaka 2011. Barabara hiyo ya Mto wa Mbu na Engaresero ikajaa magari ambayo haikuwahi kuyaona: mabasi, teksi, malori, Land Cruiser zenye namba za Kenya. Wote walikuwa wanapanda kwenda Samunge, kwa mchungaji mstaafu wa KKKT Ambilikile Masapila, Babu wa Loliondo, aliyetoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Alisema inatibu saratani, kisukari, UKIMWI na magonjwa mengine sugu. Foleni ilifika makumi ya kilomita, na mwishoni mwa Machi watu waliombwa wasiendelee kuja mpaka waliopo wapungue. Wengine walikuwa wametoka vitandani hospitalini. Wengine walifia njiani.

Ni rahisi kuwalaumu watu wale, na si haki. Wengi walikuwa wamebeba uvimbe ambao hakuna aliyewahi kuwaambia ni nini. Walikuwa wameambiwa rudi baada ya mwezi, nenda Moshi, nenda Dar, hatuna kipimo. Babu alikaa nao ana kwa ana na kuwapa jibu siku hiyo hiyo. Kati ya wanawake waliopita Engaresero na tumbo lililovimba, kwa jinsi uvimbe huu ulivyo wa kawaida, bila shaka walikuwemo wenye teratoma iliyokomaa, ambayo operesheni moja ingeimaliza. Walikuwemo pia ambao walikuwa na saratani iliyohitaji dawa haraka. Kwenye foleni wote walikuwa sawa.

Kuwatenganisha ni kazi ya mkono, na inaanza na ndoo. Uvimbe ukitoka kwa mgonjwa unatakiwa kuingia mara moja kwenye formalini, tena nyingi, mara 10 hivi ya ujazo wa uvimbe wenyewe. Ukiwa mkubwa hupasuliwa kidogo ili dawa iingie ndani. Ukikaa mkavu kwenye joto la Natron, seli huoza kabla ya kufika popote, na mwanapatholojia atakachopata ni umbo lisilosomeka. Pembeni huandikwa jina, umri, upande uliotoka na alichokiona mpasuaji. Karatasi isiyosema kulia au kushoto inaweza kumgharimu mwanamke kifuko kilichokuwa kizima.

Maabara, uvimbe hupimwa uzito na urefu, na ngozi yake ya nje hukaguliwa kama imepasuka au imekwaruzwa. Kisha hukatwa juu ya sinia. Mafuta ya manjano ambayo mwilini yalikuwa yakitiririka sasa yameganda, yamefumana na nywele mpaka yamekuwa bonge moja, nayo hukombwa kando ili ukuta uonekane. Hapo hutafutwa kinundu cha Rokitansky. Sehemu nyingi za kifuko ni ngozi tu, na vipande vichache vinatosha. Sehemu ngumu, na hasa zile nyama laini za kijivu zenye sura ya ubongo, hukatwa nyingi, kipande kimoja kwa kila sentimita, kwa sababu hatari ikiwepo hujificha hapo. Jino haliingii kwenye mashine ya kukata tishu, lingevunja wembe. Kama lazima lisomwe, huloweshwa kwanza kwenye asidi mpaka chokaa yake iishe, kazi ya siku kadhaa.

Vipande vilivyochaguliwa hupitishwa kwenye spiriti za nguvu tofauti na zailini, huzamishwa kwenye nta ya moto, na nta ikiganda hukatwa utando wa mikroni tatu mpaka tano, mwembamba mara nyingi kuliko unywele uliokuwa ndani ya uvimbe huo. Utando huelea kwenye maji ya uvuguvugu, huokotwa kwa kioo, hutiwa rangi mbili, hematoksilini na eosini. Viini vya seli hugeuka zambarau, vilivyobaki hugeuka waridi. Sasa mtu anakaa na kutazama. Ngozi yenye vinyweleo na tezi za mafuta. Gegedu ya samawati. Utando wa njia ya hewa, wenye vijinywele vyake vidogo, ndani ya mwili ambao haukuwahi kuvuta pumzi kwa utando huo. Kama mgonjwa ametoka Ngorongoro, mwanapatholojia makini hubaki pia na lile swali lingine akilini: kifuko cha tegu kina ukuta usio na seli, wa tabaka juu ya tabaka kama maganda ya kitunguu, na kwenye mchanga mweupe uliotulia chini ya maji yake huonekana vichwa vya tegu na kulabu zake ndogo.

Anachokitafuta zaidi kwenye teratoma ni tishu changa ya neva, viduara vya seli zilizosongamana ambazo hazijafika utu uzima. Tangu kazi ya Norris na wenzake ya mwaka 1976, wingi wa tishu hiyo ndio unaopima daraja la teratoma changa, ambayo ni saratani na huwapata hasa wasichana. Kwa mwanamke mwenye umri mkubwa hutazama zaidi ngozi, kwa kuwa katika wagonjwa 100 mmoja au wawili hukutwa saratani imeanzia humo. Na tangu mwaka 2007, Josep Dalmau na wenzake walipoeleza ugonjwa wa ubongo unaosababishwa na kinga inayoamshwa na uvimbe huu, hata tishu ya ubongo iliyokomaa haipuuzwi tena. Msichana anayeanza ghafla kuona maono, kupiga kelele na kupata degedege anaweza kuwa na dermoidi ndogo isiyomuuma, na kuitoa ni sehemu ya tiba yake. Ni wangapi wameombewa na kufungwa kamba kwa ugonjwa huo kabla ya 2007, mahali popote duniani, ni jambo zito kulifikiria.

Yote haya hutegemea watu wachache. Mwaka 2011, mwaka ule ule wa kikombe, Peter Rambau wa hospitali ya Bugando, Mwanza, alichapisha maelezo ya kazi ya patholojia mahali penye uhaba: eneo kubwa la kanda ya ziwa likitegemea maabara moja, na wataalamu wa nchi nzima wakiwa wachache mno kwa mamilioni waliokuwa wakiwahudumia. Vyuo vya Muhimbili na Moshi vimeendelea kusomesha wengine. Hata hivyo majibu ya kinyama bado huchukua majuma, na mama aliyesafiri na mifugo kutafuta malisho hapatikani kwa simu siku yanapotoka.

Yakitoka, huwa na mistari michache. Teratoma iliyokomaa, hakuna tishu changa, hakuna saratani: mwanamke hahitaji dawa nyingine, anaweza kuzaa kwa kifuko kilichobaki, na mara nyingi hata kile kilichokuwa na uvimbe huweza kuokolewa kwa kuumenya uvimbe peke yake. Teratoma changa ya daraja la juu: anahitaji dawa za saratani mapema, na dawa hizo huponya wengi bila kumnyang'anya uzazi. Kwa kuwa takriban mwanamke mmoja kati ya 10 huwa na dermoidi pande zote mbili, nakala ya majibu inapaswa kurudi Wasso, Endulen au zahanati ya Engaresero, isiishie kwenye jalada la Moshi. Atakapopata mimba, huko ndiko atakakopimwa, na mwenye kumpima akiwa na karatasi inayosema upande wa kushoto ulitolewa teratoma, ataushusha mkono wa ultrasaundi upande wa kulia na kuangalia tena.